Nina milioni 15, nataka gari inayochanganya haraka na isiyonilaza njiani

Shikamoo kaka,

Mimi ni nesi, nina miaka 36, naishi Kibaha na kazi yangu iko mjini kabisa kule Posta, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama kilometa 80 kwa siku, na zamu zetu unazijua, kuna siku natoka kazini saa nne usiku ndo naanza safari ya kurudi nyumbani. Kwa sasa natumia Passo ya mume wangu ya cc 1000. Haijawahi kunisumbua hata siku moja, sema sasa mume wangu kahamishiwa kazi Bagamoyo anaihitaji mwenyewe, kwa hiyo na mimi natakiwa ninunue yangu.

Shida yangu ni hii. Kila baada ya wiki mbili naenda Morogoro kumuona mama, nakuwa na watoto watatu na dada wa kazi na mizigo nyuma, na ile Passo ikishapita Mlandizi kuelekea Chalinze jamani ni mateso. Niko nyuma ya lori la trela, njia naiona nyeupe, natoka, nakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inapiga kelele tu gari haichanganyi, mara naona basi linakuja linaniwashia taa, inabidi nirudi nyuma ya lori moyo unadunda. Imefika hatua nalifuata lori moja mpaka Chalinze yenyewe kwa kuogopa.

Nimeweka akiba nina milioni 15, hapo ni kila kitu, sina pengine pa kuchukua. Shemeji yangu anasema ninunue Mark X ya 2006 kuna jamaa yake anauza milioni 14, na kusema ukweli nimeiendesha na nimeipenda sana, ukikanyaga inakubeba. Mwenzangu kazini anauza Subaru Impreza ya 2008 cc 1500 kwa milioni 11 na anakubali nimlipe kwa awamu, anasema Subaru ni moto hakuna lori litakusumbua. Fundi anayetutengenezea Passo naye ana IST ya 2005 namba D anataka milioni 12, ila mume wangu akisikia IST anacheka, anasema nitakuwa nimetoka Passo nimeenda Passo nyingine. Na mimi mwenyewe huwa nikiziona RunX barabarani zinanivutia, bado sijapata inayouzwa.

Sitaki kushindana na mtu barabarani kaka. Nataka gari ambayo nikiamua kupita, inapita, na saa tano usiku hapo Kibamba isinizimikie. Niambie ukweli nichukue ipi.

Nesi wa Kibaha

*

Marahaba dada yangu, pole na hiyo barabara, kipande cha Mlandizi mpaka Chalinze kila anayekwenda Moro anakijua.

Nianze na jibu halafu nikueleze limetoka wapi. Kwa milioni 15 ambayo ndo kila kitu, na kwa kazi ya kutembea usiku, tafuta IST ya cc 1500 au RunX ya cc 1500, yoyote kati ya hizo utakayoikuta na afya nzuri zaidi, na usivuke milioni 12 na nusu kwenye kununua. Hiyo milioni mbili na nusu inayobaki ni ya gari hiyo hiyo, usiipangie kitu kingine. Mark X iache kwa sasa. Impreza ya mwenzako nayo iache, na hiyo ntakueleza vizuri kwa sababu watu wengi wanachanganywa na jina.

Kwanza tukubaliane unatafuta spidi ya aina gani, maana wewe huhitaji gari ya kufika 180. Kuanzia Kimara mpaka Kibaha siku hizi barabara ni njia nane, pale hata Passo inatosha. Mateso yako yako kwenye njia mbili huko mbele, na kinachokutesa ni kutoka 60 kwenda 90 au 100 kwa haraka. Hebu tupige hesabu kidogo. Lori na trela lake chukulia mita 20, weka mita 20 za nafasi nyuma yake kabla hujatoka na mita 20 mbele yake kabla hujarudi njia yako, pamoja na urefu wa gari yako unatakiwa ulizidi lori kwa kama mita 65. Lori liko kwenye 60. Ukilipita kwa wastani wa 80 unahitaji karibu sekunde 12, na kama mbele kuna basi linakuja kwa 80 basi kabla hujatoka unahitaji zaidi ya mita 500 nyeupe. Ukiweza kulipita kwa wastani wa 90, sekunde zinashuka mpaka 8 na njia unayohitaji inakuwa kama mita 370. Hizo mita 150 ndo zinazokufanya moyo udunde, na ndo unachonunua hapa.

Sasa gari inayochanganya unaijuaje kabla hujaiendesha? Chukua nguvu za farasi za injini gawanya kwa uzito wa gari kwa tani. Passo yako ya cc 1000 ina farasi 71 na uzito kama kilo 900, kwa hiyo ni farasi 79 kwa kila tani, sio mbaya kihivyo ukiwa peke yako. Lakini weka wewe na watoto watatu na dada na mizigo, hapo umeongeza karibu kilo 350, inashuka mpaka 57. Ndo maana mjini huioni shida ila safari ya Moro inakutoa jasho, gari ni ile ile ila imebeba zaidi ya theluthi ya uzito wake.

IST ya cc 1500 ina farasi 109 na uzito wa tani moja na kidogo. Tupu inakuja kama 107 kwa tani. Ukiijaza hao hao watu na mizigo hiyo hiyo inabaki 80 hivi, yaani IST iliyojaa familia nzima inavuta sawa na Passo ikiwa tupu kabisa. Kwa hiyo mume wako mwambie kwa heshima kwamba hapo hakuna Passo nyingine, labda kama anafikiria IST ya cc 1300, na hapa ndo uwe makini sana dada yangu. IST za kwanza zilikuja na injini mbili. Ya cc 1300 ina farasi 87 tu na ukiijaza itakurudishia mateso yale yale. Kwa nje zinafanana kabisa, muuzaji mwenyewe anaweza asijue. Angalia kwenye kadi ya gari ujazo wa injini, ukiona 1290 au 1300 ndo hiyo ndogo, ukiona 1490 au 1500 ndo unayoitaka, halafu hakikisha na kibati cha chesisi: NCP60 ni 1300, NCP61 ni 1500, NCP65 ni 1500 pia ila inavuta matairi yote manne kwa hiyo ni nzito kidogo. Fundi wako hajakwambia yake ni ipi, na kama ni NCP60 basi hata akishusha bei usichukue.

Mark X sasa. Sitakwambia ni gari mbaya kwa sababu sio mbaya. Ile ya cc 2500 ina farasi 215 kwenye tani moja na nusu, karibu 143 kwa tani, ndo maana ilikubeba, na hicho ulichokisikia mguuni ni cha kweli. Tatizo ni kwamba ukitoa milioni 14 unabaki na moja, na gari ya umri wa miaka karibu 20 yenye silinda sita haiwezi kutunzwa na milioni moja. Kila kitu ni kingi, plagi sita, koili sita, oili inaingia lita sita na ushee wakati injini ya IST haifiki hata lita nne, na wewe kwa mwendo wako kilometa 5,000 zitakuwa zinaisha kila baada ya miezi miwili na nusu hivi. Halafu injini yake inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, masizi yanajijenga pale taratibu na gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama injini inawaka, na kupoteza nguvu, na kuisafisha ni kazi ya fundi anayeijua kweli. Mafuta ndo usiseme. Kwa foleni zetu hesabu kilometa 8 kwa lita, IST 1500 hesabu 13. Wewe kwa mwezi na safari za Moro unafika kilometa 2,000 kirahisi, hapo tofauti ni karibu lita 100, na tukiweka lita ni shilingi 3,000 kurahisisha hesabu, maana EWURA wanabadilisha bei kila mwezi, ni karibu laki tatu kila mwezi unaimwaga zaidi. Gari inayokula hela kiasi hicho inaanza kukosa sevisi, na Mark X iliyokosa sevisi miezi sita ndo itakayokulaza Kibamba. Kama siku moja ungekuja na milioni 22 na safari fupi, tungeongea vingine.

Kuhusu Subaru, nisikilize vizuri. Zile Impreza na Forester zinazosifiwa kwa moto ni zile za turbo, yaani zenye kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Hiyo ya mwenzako ni cc 1500 haina turbo, ina farasi 110, yaani sawa na IST, ila imewekwa kwenye bodi ya tani 1.2 na zaidi. Hesabu inakuja kwenye 90 hivi kwa tani, kwa hiyo itachanganya taratibu kuliko IST ambayo mume wako anaicheka! Ni gari nzuri barabarani, imetulia kwenye kona na ndani kuna nafasi, ila sio jibu la swali lako. Tena inatumia belti ya taimingi, sio cheni, na belti ikifika kilometa 100,000 inatakiwa kubadilishwa, ikikatika ukiwa mwendoni injini inaumia vibaya. Gari ya 2008 ambayo hujui belti ilibadilishwa lini ni mzigo. Na hilo la kulipa kwa awamu kwa mtu mnayefanya naye kazi kila siku, mimi silipendi, gari ikisumbua mwezi wa pili bado unadaiwa na mnakutana wodini.

RunX unayoipenda, na pacha wake Allex maana ni gari moja tofauti ni majina na urembo, zilitengenezwa kuanzia 2001 mpaka 2006. Ya cc 1500, chesisi NZE121, inatumia injini ile ile ya IST, 1NZ-FE, ni nzito kidogo kwa hiyo inachanganya chini ya IST kwa kiasi kidogo sana, ila imetulia zaidi ukiwa kwenye 100 na watoto nyuma watakaa vizuri zaidi. Kwa familia yako na safari za Moro mimi moyoni naegemea hapo, tatizo ni kupata nzima. Kuna vijana watakuonyesha RunX ya cc 1800 yenye farasi 190, chesisi ZZE123. Inakimbia kweli, ila nguvu yake kubwa inakuja injini ikishafika mizunguko elfu sita huko juu, inataka oili nzuri bila kukosa, na nyingi zilizobaki zimeshapigwa sana na wapenda mbio. Kwa nesi anayerudi usiku, hapana. Swift Sport ya cc 1600 na Vitz RS ya cc 1500 nazo ni nyepesi na zinavuta vizuri sana, ukikutana na iliyotunzwa usiipite bila kuiangalia, ila kwa Swift ulizia spea zake kwanza hapo Gerezani na Kariakoo, maana za IST na RunX unazikuta kila duka mpaka Chalinze kwenyewe, na hiyo ndo sababu kubwa mimi nang'ang'ania injini ya 1NZ. Ikikusumbua saa tano usiku, kesho yake asubuhi fundi yeyote ana spea na anaijua.

Kuagiza Japan kwa pesa hii nisingekushauri. Gari za miaka hiyo zinaongezewa tozo ya uchakavu juu ya ushuru, ingia kwenye kikokotoo cha TRA uweke modeli na mwaka utaona mwenyewe namna kodi inavyokimbizana na bei ya gari.

Sasa kwenye kukagua, na hapa ndo pesa yako inapookolewa au kupotea. Fundi wako ndo muuzaji wa IST, kwa hiyo kwa gari hii sio fundi wako tena, hata kama ni mtu mwema, tafuta mwingine asiyemjua umlipe siku yake. Nenda asubuhi mapema na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, shika boneti mwenyewe, ikiwa ya moto ujue kuna kitu kimefichwa. Ikiwashwa ya baridi simama nyuma, moshi wa bluu maana yake inakula oili, moshi mweupe mzito usioisha hata ikipata moto maana yake maji yanaingia kwenye silinda, na hiyo unaaga unaondoka. Rejeta ifungue kabla haijawashwa, ikiwa bado ya baridi, ukikuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti, mwenye gari alikuwa haijali. Chomoa kijiti cha haidroliki, yaani oili ya gia boksi, inatakiwa iwe nyekundu, ikiwa kahawia na inanuka kuungua basi gia boksi imechoka. Ingiza D halafu R mara kadhaa, isichelewe wala isipige teke. Kisha ipimwe na mashine ya kusoma hitilafu za injini, na usiridhike na kuona taa ya cheki injini haiwaki, angalia kama iliwahi kuwaka pale swichi ilipofunguliwa kabla ya kustati, maana kuna wanaochomoa balbu.

Ikifaulu hapo ndo unaijaribu kwa kazi uliyoitaka. Jaza watu wanne, washa AC, nenda nayo barabara ya wazi, kutoka 60 kanyaga mafuta yote. Inatakiwa ishushe gia na iondoke bila kusita. Ikiguna bila kuvuta, mara nyingi ni masega ya kwenye ekzosi, yale ya kusafisha moshi, yameziba, au plagi, au chujio la hewa, au koili moja inakufa, na vyote hivyo vinarekebishika ila vinapunguza bei. Injini iliyochoka yenyewe ndo hairekebishiki kwa bajeti yako. Kilometa za kwenye dashibodi usizitegemee, zinarudishwa, angalia pedali ya breki na stelingi vilivyolika.

Kabla hujatoa pesa chukua namba ya gari uangalie mtandaoni kama ina deni la tochi au la maegesho, kisha mbadilishe umiliki TRA hapo hapo, msiachiane kadi kienyeji.

Hiyo milioni mbili na nusu kwanza toa bima. Halafu matairi, angalia tarakimu nne za ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, ukiona ni ya zamani badilisha hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado zipo, maana gari inayopita lori kwa kasi lazima iweze kusimama kwa kasi. Breki na shokapu kwenye kundi hilo hilo. Kisha oili na filta, plagi orijino maana feki zimejaa, kulanti, na haidroliki aina ya T-IV ambayo gia boksi ya IST na RunX hizi inataka, fundi akikwambia yoyote inafaa mwambie asante uende kwingine. Kitakachobaki kiweke kwenye simu usikiguse.

Na kwa kuwa bado utaitumia Passo wiki mbili tatu hizi, kuna kitu kinaweza kukusaidia jumapili hii. Pembeni ya mkono wa gia angalia kama kuna kitufe cha ovadraivu. Kabla hujatoka nyuma ya lori, ukiwa bado una nafasi, kizime, gari itashuka gia na kubaki hapo, zima na AC, ongeza mwendo ukiwa bado kwenye njia yako halafu ndo utoke. Ukishapita rudisha. Ukipata IST au RunX ya gia nne nayo angalia kama ina kitufe hicho, zenyewe zinakubali vizuri zaidi.

Muulize fundi namba ya chesisi leo. Ikianza na NCP61 nenda ukaikague jumamosi na huyo fundi mwingine, ikianza na NCP60 anza kuulizia RunX.